Tairi pana au jembamba kwa njia za Mbeya na Rungwe?

Waendesha baiskeli wengi wa Mbeya wanaamini tairi likiwa pana ndilo bora, maana njia za milimani zina mawe. Wanaoendesha kwenye lami kati ya Uyole na Mwanjelwa wanajibu kwamba tairi pana linakula nguvu. Kila upande una hoja, ila wote wanasahau tope na rimu.

Tairi la upana wa inchi 2.35 hubeba hewa nyingi, kwa hiyo unaweza kulipunguza upepo bila rimu kugonga jiwe. Linalalia changarawe badala ya kurukaruka, na ukishuka mlima Loleza breki zinakuwa na mahali pa kushika. Hata dai la kula nguvu lina kasoro. Matairi mawili yakijazwa upepo sawa, lile pana hubonyea kidogo kuliko jembamba na hubingirika kwa wepesi. Kinachochosha ni uzito wake mlimani, kashata ndefu (vile vinundu vya tairi) kwenye lami, na mazoea ya kuliendesha likiwa limelegea.

Sasa njoo Rungwe wakati wa mvua. Kuna sehemu za wilaya ile zinazopata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na udongo wake wa volkano unanata. Niliwahi kushuka njia ya migombani karibu na Kiwira nikiwa na tairi pana. Tope lilijaa kati ya tairi na fremu, gurudumu la nyuma likagoma kabisa, nikaibeba baiskeli begani hadi barabarani. Tairi la 1.95 lingeacha nafasi ya tope kudondoka, tena lingekata utelezi hadi kwenye udongo mgumu chini. Hapo wapenzi wa tairi jembamba wako sahihi kabisa.

Rimu nayo ina neno. Baiskeli nyingi za zamani zina rimu nyembamba, na tairi la 2.35 juu yake huyumba kwenye kona.

Linaloniuma zaidi ni watu kupoteza fedha kwa kusoma namba nusu. Tairi lililoandikwa 26 x 1.75 na lile la 26 x 1¾ kihesabu ni sawa, lakini haliingii moja kwenye rimu ya jingine: la kwanza ni la rimu ya milimita 559, la pili 571. Lile la 26 x 1⅜ ni 590. Kwa tairi la inchi 27.5 ni 584, na kwa la inchi 29 ni 622. Namba hizo zimechapwa ubavuni, mfano 50-559: upana kwanza, kisha kipenyo cha rimu. Ya pili lazima ilingane na rimu yako. Kwenye ya kwanza ndipo unapoweza kuchagua.

Mimi kwa Mbeya nafunga 2.1 mbele, ambako usukani unahitaji mshiko, na 1.95 nyuma, ambako fremu imebana na tope huanza kujaa.