Usiniambie "ungenunua tu"

Jumapili baada ya ibada mwalimu wetu wa kwaya alipita nyumbani, akakikuta kinanda changu sebuleni kimevuliwa mgongo, waya nje, akacheka. "Mdogo wangu, mwaka na miezi miwili kwa hili kabati? Kariakoo ungepata kibodi yenye midundo mia mbili kabla ya saa sita mchana." Nikamimina chai, nikanyamaza. Sasa nimechoka kunyamaza.

Kabati ni la marehemu mjomba. Alirudi nalo kutoka Ujerumani Magharibi mwaka 1981 likiwa vipandevipande ndani ya katoni: bodi tupu, vifuko vya transista na rezista, kitabu cha maelekezo cha Kijerumani. Enzi hizo kule watu walikuwa wakijiundia vinanda vya umeme nyumbani kama sisi tunavyojifyatulia matofali. Marekani kampuni ya Heathkit iliviuza hivyo hivyo, Ujerumani walikuwepo Wersi na Böhm. Mjomba akalehemu bodi 3, akaoa, ikaishia hapo.

Mimi nilianza kwa pupa. Nikalehemu zilizobaki, nikaunganisha zote 12, nikawasha. Kapasita, kile kikopo kidogo kinachotunza umeme, niliyoipachika chanya na hasi kinyume ikapasuka kwa mlio ambao mke wangu anausimulia kila tukipata wageni. Hapo nikashika adabu: bodi moja, ipime, ndipo uguse nyingine.

Na hapo kwenye kupima ndipo mwalimu wangu asipopaelewa. Kila bodi ina noti yake. A inazaliwa juu, hertz 3520, yaani mitetemo 3520 kwa sekunde, kisha kila hatua inaigawa kwa mbili na kuishusha oktava moja: 1760, 880, 440, hadi kwenye besi. Hatua moja ikifa, zote za chini yake zinakufa nayo. Kwa hiyo D yangu ilipoimba oktava mbili za juu na kununa huko chini, nilijua pa kuanzia. Nikaibadilisha nafasi na bodi ya F. Kimya kikahama nayo, maana yake tatizo ni bodi, siyo waya. Nikaimulika kwa tochi ya simu: mguu mmoja wa transista, risasi ya kulehemia imekaa kijivu kama uji uliopoa, haijaushika. Pasi ya kulehemia sekunde mbili tu, D ikashuka mpaka chini kabisa. Saa sita usiku nilipiga vigelegele, mwanamume mzima.

Kisha kukawa na mngurumo. Nikibonyeza G ya chini, hertz 98, sauti inayumba mara mbili kila sekunde. Kumbe inapigana na mngurumo wa hertz 100 kutoka kwenye pawa, sehemu inayoingiza umeme, ambako kapasita ya mjomba ilikuwa imekauka kwa uzee. Niambieni, kibodi ipi ya Kariakoo ingenifundisha hilo?

Kulinganisha noti ndiyo shule yenyewe. Unashika A ya 220 na E iliyo juu yake, unaisawazisha E mpaka zitulie kabisa, halafu unaishusha kidogo hadi usikie sauti ikiyumba mara 3 kwa sekunde 4. Ndiyo, unaiharibu makusudi, kidogo, ili nyimbo za funguo zote 12 zipigike. Miaka 20 nimeimba tena na kuwakemea wenzangu "mmeshuka!" bila kujua kinanda chenyewe kimeshushwa.

Haya, nakubali: kibodi ya dukani ni nyepesi, inabadili ufunguo kwa kitufe, na umeme ukikatika inakula betri. Changu tulikibeba watu wanne. Lakini nendeni mkachungulie stoo ya kanisa letu. Kibodi tatu zimelala humo chini ya mabango ya harambee, kila moja imekufa ugonjwa mdogo, na hakuna aliyethubutu kufungua hata skrubu. Tunachanga, tunanunua, inakufa, tunachanga. Mwalimu huyohuyo ndiye anayepitisha bahasha! Mwezi huu sitoi mpaka nipewe moja niifungue.

Pedali bado, mbao za mninga nilizoahidiwa hazijafika. Na spika ya kushoto inakwaruza nikipiga kwa nguvu. Sijajua ni koni au ni waya. Jumamosi naihamishia kulia nisikie.