Gego Langu Linasubiri Miaka Sita

Jamani, kuwa mzazi wa mtoto aliyefaulu ni kazi. Aliyefeli unamfokea siku mbili, ya tatu unampakia basi la Mafinga akamsaidie mjomba wake kupasua mbao, yamekwisha. Aliyefaulu ndiye anakukimbiza mjini.

Binti yangu kamaliza kidato cha sita, PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, na matokeo ya mwezi wa saba yametoka mazuri. Ukoo mzima tukajua ni udaktari, ule wa koti jeupe na kile kidude cha kuning'inia shingoni. Jioni nipo jikoni naota moto, akaja akasema, "Baba, mimi nataka meno."

Nikamwambia mbona unayo.

Kumbe anataka udaktari wa kinywa na meno. Chuo kiko Dar es Salaam, pale Muhimbili, miaka mitano, halafu mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini. Mimi ni dereva wa bajaji, naishi kwa hesabu, nikapiga palepale: mtu mzima ana meno 32, gawa kwa miaka mitano, unapata meno sita na vipande kwa mwaka. Nikamuuliza siku zinazobaki mnafanya nini? Hakucheka. Nikamwambia mimi ninayo 28 tu, wangenisoma mimi mngemaliza mapema, tena ni 28 ukihesabu na hili linalouma.

Hapo ndipo nilipojiponza.

"Fungua mdomo." Kaja na kijiko cha chai na tochi ya simu. Kijiko cha baridi, mwezi wa saba, Mbeya! Kachungulia kama fundi anayetafuta panya darini. "La juu kulia limetoboka, baba. Na magego ya juu yana mizizi mitatu. Ya chini ndiyo yana miwili." Sasa hayo ni maneno ya kumwambia mtu saa mbili usiku? Miaka yote nilijua jino lina mzizi mmoja, kama karoti, unavuta linakuja. Nililala naihesabu hiyo mitatu.

Na mjue kazi yenyewe. Saa kumi na moja alfajiri natoka Uyole kwenda Mafiati, bajaji haina mlango, na ule upepo hauna habari na koti wala kofia, unatafuta palipo na tundu. Siku hizi abiria nawajibu kwa kichwa. Ukitaka kupunguziwa nauli panda kwangu asubuhi, siwezi kubishana na mtu.

Hela ya kung'oa nilikuwa nayo, nisiseme uongo. Nilishaitenga kwenye kopo. Ndipo yakaja maombi ya chuo. Ada yake unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu, unatumiwa ujumbe. Ya kijana wa steshenari haina namba, anaitaja tu huku anaangalia kompyuta. Kuskani vyeti, hela. Kuvipunguza ukubwa kwa sababu mfumo umevikataa, hela. Pasipoti saizi alipiga, kumbe zinatakiwa za nyuma bluu, karudia, hela. Kopo likabaki na kifuniko.

Halafu majina. Mchungaji wa Moravian aliyenibatiza kule Tukuyu aliandika Yakobo, na cheti cha kuzaliwa cha binti kinasema Yakobo. Kitambulisho changu cha taifa kinasema Jacob. Kijana wa steshenari akaviweka viwili sambamba, akavuta sauti mbele ya foleni nzima: "Mzee, baba wa huyu mtoto ni yupi kati ya hawa?" Mama mmoja aliyekuja kutoa kopi akageuka taratibu, akaniangalia, akamwangalia binti, akarudi kwangu. Tulitoka hapo kwenda kwa wakili, nikaapa kwamba mimi ni mimi. Kuapa nako kunalipiwa. Nyumbani nikamsimulia mama watoto, nikidhani atanionea huruma. Akasema yeyote kati yao, Yakobo au Jacob, mkaa umeisha.

Ya mkopo wa masomo sitaki hata kuyaeleza. Cheti cha kuzaliwa kikahakikiwe RITA, wale wanaosajili vizazi na vifo, fomu iende kwa mtendaji wa mtaa, mtendaji yuko msibani, amerudi, muhuri umebaki kwa aliyemshikia ofisi. Siku tatu. Gego nalo linahesabu.

Wakati mimi nazunguka, binti yuko nyumbani anachonga sabuni. Eti ameona kwenye simu wanafunzi wa meno wanachonga meno ya nta ili mkono uzoee. Nta hatuna, kachukua sabuni ya mche, mche mzima, na kisu changu cha kumenyea viazi. Likatoka gego moja kubwa kama ngumi ya mtoto, lina vilima vyake juu na mizizi mitatu chini. Lilikaa dirishani siku mbili likinitazama. Ya tatu mama watoto akalifulia soksi, na mimi, nakiri, niliposikia mizizi inasuguliwa kwenye beseni nilishika shavu.

Ijumaa maombi yakapokelewa. Mfumo ulikubali saa nne usiku, kijana wa steshenari ameshavaa kofia anataka kufunga. Nikashukuru Mungu, nikasema sasa nikusanye upya, nikang'oe.

Ukoo ukakataa.

"Ung'oe kwa hela, na daktari unaye ndani?" Huyo ni kaka yangu. Nikamkumbusha kwamba huyo daktari hata barua ya chuo hajapata. Akasema mitano na mmoja ni sita, mbona si mingi, vumilia atakung'oa bure. Mama watoto naye kaniletea karafuu za shilingi mia tano kwenye kikaratasi, niwe naweka moja kwenye tundu. Na kweli zinatia ganzi. Nimepiga hesabu za karafuu kwa miaka sita, zinazidi bei ya kung'oa mdomo wote.

Jana shangazi wa Tukuyu kampa kondakta mkungu wa ndizi aniletee, na simu juu. Nikajua ni pole. Akasalimia vizuri, ugonile, akamsifu mjukuu, kisha akashusha sauti: na yeye la chini kushoto linamsumbua tangu mavuno. Nimwandike kwenye foleni, wa pili, baada yangu.