Kwani Mie Mwenyeji wa Wapi?

Tangazo la zabuni lilikuwa na mstari mmoja tu wenye utamu: "Kipaumbele kitatolewa kwa wazawa." Nimelisoma mara tatu. Mara ya nne nikampa mama watoto anisomee kwa sauti, maana yako maneno mtu husikia raha zaidi akisomewa. Ofisi moja hapa mjini (jina silitaji, karatasi zangu bado zapita kwao) inataka mabenchi 80 ya watu kukalia wakisubiri huduma. Mabenchi! Mie miaka 27 napiga randa hapa Jang'ombe, Unguja, nikilala naota mabenchi. Na watu wa mji huu kwa kusubiri huduma hawajambo.

Nikamwambia mama watoto, "Mzawa mwenyewe ndio mie." Akaniangalia jicho lile analomwangalia muuza samaki wa jana. "Wewe si mtu wa Konde?"

Haya. Mie kweli nimezaliwa Konde, Pemba, nikavuka na meli nikiwa na miaka 19 na sanduku la randa na patasi la marehemu baba. Nimeoa hapa, watoto sita wamezaliwa hapa, kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi ninacho, na deni dukani ninalo, tena mtu asiye mwenyeji hakopeshwi unga. Lakini likizuka suala la wenyeji barazani, mie mara moja huwa Mpemba. Nikenda Konde kwenye harusi, watoto huambizana "kaja mgeni wa Unguja". Kwa hesabu hiyo mie ni mzawa nikiwa ndani ya meli tu, pale katikati ya bahari wenzangu wanapotapika.

Jioni nikalipeleka tangazo barazani. Pana kijana pale kasomea mambo ya ununuzi wa umma, kazi hajapata, kwa hivyo wakati wa kutusomesha anao. Akatwambia Zanzibar ina sheria yake ya ununuzi, Nambari 11 ya 2016, kwani jambo hili si la Muungano, na Bara wana yao, Nambari 10 ya 2023. Huko Bara taasisi ya umma hutakiwa itenge asilimia 30 ya manunuzi yake kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Kenya nao wana asilimia 30 yao.

Nikajihesabu. Mwanamke si mie. Ujana mwisho wake miaka 35, mie nina 46. Uzeeni sijafika. Viungo vyangu vizima, alhamdulillahi, ukiacha mgongo. Yaani katika watu wote walioonewa huruma na sheria, mwanamme wa makamo mwenye watoto sita na randa moja hayumo. Na hata ningekuwemo, ningekuwemo ng'ambo ya maji.

Kijana akaona nimenywea, akanivusha moja kwa moja mpaka Marekani. Akasema uko mji unaitwa San Francisco, serikali ya mji ikinunua kitu, kampuni ndogo ya palepale mjini hupunguziwa asilimia 10 kwenye bei yake wakati wa kulinganisha zabuni.

"Kupunguziwa vipi?" nikauliza. "Mie nataka kuongezewa."

"Sikiliza, fundi. Wewe mwenyeji umetia milioni 10. Wao wanaisoma kana kwamba umetia milioni 9. Wa kutoka mji mwengine katia milioni 9 na nusu. Umemshinda. Lakini mkataba wako unaandikwa milioni 10 ileile."

Muuza kahawa akalitua dele lake chini. "Na hiyo milioni moja ya katikati anaichukua nani?"

"Haichukui mtu, mzee. Ni ya kulinganishia tu."

"Ipo, na haichukui mtu?"

"Haipo. Ni hesabu."

Mzee akammiminia mtu kahawa polepole, akarudisha vikombe kwenye ndoo. "Mji wa ajabu huo," akasema.

Mie hesabu ile niliipenda. Ina kipimo. Asilimia kumi unaijua inaanzia wapi na inakomea wapi. Lakini "kipaumbele" kisichokuwa na namba ni kama mtu kukwambia "karibu chakula" huku anafunika sahani. Na tusidanganyane, mie najijua. Wakisema zabuni hii ya wenyeji watupu, basi bei yangu itapanda kabla sijafika nyumbani, na anayelipa ni huyohuyo mkaazi anayesubiri huduma kwa kusimama. Kumi ingenitosha, na ingenitia adabu.

Asubuhi nikaanza kuzitafuta karatasi. Barua ya sheha, leseni, namba ya mlipakodi, cheti cha jina la biashara, hayo tuyapite, kila mtu anayo au anasema anayo. Kazi iko mbele. Walitaka uzoefu wa mikataba mitatu ya namna hiyohiyo na taasisi za umma. Ili upate mkataba uwe umeshapata mkataba. Nikauliza, "Huyo wa mwanzo aliupataje?" Wakacheka sana, wakaniambia fundi una utani.

Wakataka na dhamana ya zabuni kutoka benki. Maana yake benki inawaambia: huyu akishinda kisha akakimbia, sisi tutakulipeni. Benki nayo, ili iseme maneno hayo mazuri juu yangu, kwanza niende nikawawekee pesa. Sasa pesa ningekuwa nazo ningetafuta zabuni ya nini? Ningejenga banda la bati nikae nalo mvua za masika.

Kisha hesabu za miaka mitatu zilizokaguliwa. Hesabu zangu zimo katika daftari moja la skuli lililoshikana kurasa kwa gundi ya mbao. Limeandikwa: "Mwalimu, kabati, kabakisha 40,000." "Mama wa juu, stuli nne, analipa akija mwanawe." "Yule mrefu, kitanda, harusi imevunjika, kitanda kipo, kinalala paka." Hukaguliwa kila Alkhamisi usiku na mama watoto, na sijaona mkaguzi mkali kama yeye. Mwaka jana aliiona elfu saba ya urojo niliyoiandika "misumari". Lakini ati yeye hana muhuri.

Yote hayo ningeyastahamilia. Lililonimaliza ni vidole.

Siku hizi zabuni mtu hutia kwa mtandao. Mtandao unataka namba ya simu, iwe ya jina lako, ili ikuletee tarakimu za siri. Mie laini yangu sina, miaka yote hii natafutwa kwa ya shemeji. Nikenda kwenye kibanda cha kusajilia laini, kuna binti mpole, heshima zake zote. "Shikamoo baba. Weka dole gumba hapa." Nikaweka. Kimashine kikatoa mlio kama wa panya aliyebanwa. "Weka jengine." Mlio. Tukaingia kwenye vidole vya shahada, vya kati, mpaka vile vya mwisho ambavyo kazi yake mie siijui ila kukuna sikio. Mlio, mlio, mlio.

Binti akanishika mkono, akaugeuza juu chini kama anachagua embe. "Baba, wewe huna alama."

"Alama za nini?"

"Za vidole."

Nikaangalia. Wallahi kweli. Vidole vyangu vimelainika kama kijiko. Miaka 27 ya msasa: unaanza na namba 80 unakwangua, unakuja na 120 unasawazisha, unamalizia na 240 mpaka ubao unateleza kama shavu la mtoto. Kumbe kila nilipokuwa nasawazisha ubao, ubao nao ulikuwa unanisawazisha mie. Binti akanipaka mafuta. Akanifuta mafuta. Akanipulizia kwa pumzi kama vile mtu anafuta miwani. Mwisho akaniambia, kwa huruma kabisa, "Baba, kapumzike wiki mbili usishike msasa, zitaota."

Zabuni inafungwa Ijumaa.

Fikiria, bwana. Wanatafuta fundi wa kienyeji, na kitu kinachonizuia kuingia ni ushahidi wa kwamba mie ni fundi. Tukatumia laini ya shemeji. Shemeji yuko Mkoani, Pemba, simu yake betri hufa saa nane mchana, na kila tarakimu za siri zikija yeye huwa baharini au kalala. Kijana wa barazani akakaa na simu yake sikioni saa tatu nzima, anamwambia shemeji "soma tena polepole", shemeji anasoma namba ya vocha.

Tukatia. Tukaanguka. Kijana akanisomea matokeo: nimetolewa katika uchunguzi wa awali, kwa kukosa dhamana na kukosa uzoefu.

"Na kile kipaumbele?" nikauliza.

"Kile huja mwisho, fundi, wakifika kwenye kulinganisha bei. Wewe hukufika."

Sasa nimefahamu. Kipaumbele kimewekwa chumba cha ndani, kimetandikiwa na mkeka, na mie nimezuiliwa ukumbini.

Aliyeshinda naye ni mzawa, msidhani. Kampuni ina nembo ya mnazi, dau na kikonyo cha karafuu. Imekosa popo wa Pemba tu. Anwani yake Mlandege, ghorofa ya kwanza. Nikasema niende, nijipendekeze, labda watanipa hata kupaka vanishi. Nimepanda ngazi, nimefika, na hata sijasoma kibao nikaujua mlango. Mninga, mapanelo sita, chini kushoto kuna fundo la mti lililonisumbua siku nzima mpaka nikaligeuza likawa kama ua. Mlango wangu huo! Niliuunda mwaka juzi. Alikuja mtu na gari, akasema anataka mlango wa ofisi wenye heshima, akalipa kianzio, akabakisha 65,000, simu haipokei mpaka kesho kiama.

Umefungwa kufuli kubwa kama kobe, na kufuli limeota kutu. Nikagonga, nikapulika, kimya. Mama wa chumba cha pili akatoa kichwa. "Hao huwapati, mwanangu. Huja siku ya ukaguzi. Huleta meza yao, halafu huondoka nayo."

Nikaupapasa mlango kidogo. Bawaba bado nzima. Nikashuka.

Mwezi wa pili yake napigiwa simu, kwa laini ya shemeji, shemeji kanipigia kwa jirani. Mabenchi yamefika bandarini, yamo kwenye maboksi, vipande vipande, anatakiwa fundi wa kuyaunga. 2,500 kwa benchi. Mara 80 ni laki mbili. Nilitaka kukataa kwa heshima ya marehemu baba, lakini mama watoto alikuwa kashafungua daftari.

Nikenda. Nikafungua boksi la kwanza, nikatoa ubao, mzito, unang'ara, umechapwa picha ya mti juu yake. Nikauchungulia ubavuni ulipomeguka. Jamani, ni vumbi! Vumbi la mbao, limegandishwa kwa gundi, likabanwa, likavishwa karatasi. Mie miaka 27 nalifagia, nalitia guniani, nawapa wafuga kuku bure. Na hili likipata maji, kwa hewa yetu ya kunata hii, kufika Ramadhani litakuwa limevimba kama mkate wa mofa.

Nikafungua mdomo nitukane vya wageni, kisha nikajirudi. Maana benchi langu mie, kama ningelipata, lingekuwa la nini? Mbao za msonobari kutoka Mafinga, zimekuja kwa chombo. Misumari ya China. Vanishi ya Dar es Salaam. Cha Zanzibar ndani ya benchi langu ni jasho, na manyoya ya yule paka. Mtu akija na mizani ya uzawa, mie na wale wa Mlandege hatupishani sana. Labda kwa nusu kilo ya jasho. Lakini nusu kilo hiyo ndiyo inayosomesha watoto sita, na wao yao imo kwenye nembo.

Siku nne nikaunga mabenchi. La 31 lilikuwa na skurubu pungufu, nikatia zangu, nitazidai Akhera. Nilipomaliza akaja kijana wa kampuni, shati jeupe, begani kabeba kompyuta, kanitolea laki mbili kamili bila ya maneno, hapo namsifu. Kisha akatoa karatasi na kidau cha wino.

"Fundi, tia dole gumba hapa. Tunatakiwa tuoneshe kwamba tumetumia wenyeji."

Nikachovya. Nikakandamiza vizuri, kwa uzito, kama napiga muhuri. Nikainua. Likabaki doa jeusi, duara, laini, halina hata mstari mmoja. Ubao uliopigwa msasa namba 240.

Kijana akaliangalia. Akainua karatasi kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza, akairudisha. Akaangalia mkono wangu.

"Fundi," akasema, "jengine huna?"