Ulinzi wa Berlin si woga

Ukicheza chesi kwa Ulinzi wa Berlin, namna ya mwenye kete nyeusi kujilinda tangu mwanzo, mbele ya watu hapa Dar es Salaam, jiandae kuitwa mwoga. Juzi Magomeni nilimwona kijana akiucheza. Askofu wa mwenzake alipotua mraba wa b5, yeye akapeleka farasi f6. Kufika hatua ya nane malkia wote wawili wameshatoka ubaoni, na mfalme wake yuko d8, haruhusiwi tena kwenda kujificha pembeni na ngome. Mzee mmoja, kikombe cha kahawa mkononi, akamwambia, "Mwanangu, sasa hapo mchezo uko wapi?"

Mzee wangu, hapo ndipo unapoanza.

Tazama ubao. Mweusi ana askari wawili waliopangana safu ya c. Mweupe ana askari wanne kwa watatu upande wa mfalme, na kete kubwa zote zikiisha, kwa kawaida anashinda. Lakini kufika huko ndiyo kazi! Mweusi kabaki na maaskofu wote wawili, na askari wa mweupe aliyekimbilia e5 halindi tena f5, ndiyo maana farasi mweusi kajikalia pale.

London, mwaka 2000, Garry Kasparov, bingwa wa dunia tangu 1985, aligonga ukuta huu mara nne. Mpinzani wake Vladimir Kramnik, akiwa na nyeusi, alitoka sare zote nne. Katika michezo 15 Kasparov hakushinda hata mmoja, na ubingwa ukaondoka kwa pointi 8½ kwa 6½. Tangu hapo wakubwa wameung'ang'ania, hadi wenye nyeupe wengi siku hizi wanaukwepa: wanasogeza askari d3 mapema, au askofu anaishia c4. Sasa mwoga ni nani?

Kweli, ipo njia ambayo mabingwa hurudia hatua walizokariri, wakapeana mikono kabla hata ya hatua ya 20. Hiyo siitetei. Ila Sochi, 2014, mchezo wa 11 wa kuwania ubingwa wa dunia, Viswanathan Anand akiwa na nyeusi alitoa ngome yake apate askofu tu, ndani ya Berlin hiihii, akitafuta ushindi. Bingwa Magnus Carlsen akamshinda, akabaki na taji lake.

Vijana wetu wengi wanakariri mitego ya hatua kumi za mwanzo. Malkia akitoka, wanapotea. Ninaumia nikiona hivyo, maana vipaji tunavyo.

Jumamosi narudi Magomeni na ubao wangu. Nimemwomba yule kijana acheze Berlin tena, mimi nishike nyeupe, na mzee akae karibu.