Insulini tumeipokea, muhogo je?

Mnunuzi mzoefu wa muhogo katika soko la Kongowea huutaka ukatwe kwanza. Haangalii ukubwa bali anatazama ndani, kwa kuwa ganda laweza kuwa safi ilhali nyama yake ina mabaka ya kahawia, makavu na magumu kama kizibo, ambayo hayaivi hata yakikaa motoni kutwa. Hayo ni maradhi ya michirizi ya kahawia, yanayosababishwa na virusi vya aina mbili na kuenezwa na inzi weupe, na pia na wakulima wenyewe wanapogawiana vijiti vya kupanda. Yalielezwa kisayansi kwa mara ya kwanza mwaka 1936 katika kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara, na kwa miongo mingi yalijulikana kuwa maradhi ya Pwani kabla ya kuingia bara. Kibandameno, muhogo unaopendwa sana huku kwetu kwa utamu wake, hauna kinga nayo.

Ndiyo maana uamuzi wa Juni 2021, ambapo Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama wa Kibayolojia ya Kenya iliidhinisha kutolewa kwa muhogo uliobadilishwa jeni unaoitwa 4046, unatuhusu sisi wa Mombasa kuliko mjadala wa mahindi yaliyobadilishwa jeni uliojaa magazetini. Muhogo huo ulitengenezwa kwa ushirikiano wa taasisi ya utafiti wa kilimo KALRO, wenzao wa Uganda na kituo cha Danforth cha St. Louis, Marekani. Ndani yake vimeingizwa vipande vya jeni za virusi vyenyewe. Seli za mmea zikivisoma vipande hivyo hutengeneza chembe fupi za RNA, yaani molekuli zinazobeba ujumbe wa jeni, ambazo huutambua ujumbe wa kirusi kinapoingia na kuukatakata kabla hakijazaana, na vipande hivyo havikusudiwi kuunda protini mpya. Anayeogopa kula kitu cha virusi akumbuke kwamba kila aliyewahi kukatia mbali mabaka na kupika sehemu iliyobaki huenda amekwisha kuvila virusi hivyo vizimavizima.

Watetezi wa teknolojia hii hupenda kutuuliza kwa nini tunaisitia katika chakula na hali tumeipokea hospitalini. Swali lina uzito wake. Zamani insulini ilitolewa katika kongosho za ng'ombe na nguruwe, jambo lililomtia Mwislamu mwenye kisukari katika mashaka ya halali na haramu. Mwaka 1982 Marekani iliidhinisha insulini ya binadamu inayotengenezwa na bakteria waliowekewa jeni ya binadamu, na leo wagonjwa wa Mji wa Kale na Likoni wanajidunga dawa ya uhandisi jeni bila ya mtu kuandamana. Hata hivyo sikubali kwamba huo ni unafiki. Bakteria wa insulini hubaki ndani ya mapipa ya kiwanda, mgonjwa anajua anachodungwa na faida anaipata mwenyewe. Mmea uko shambani, chavua yake inasafiri, na mlaji hubeba hatari yoyote itakayojitokeza huku faida ikienda kwa mkulima au muuzaji. Mizani miwili hapa ina sababu.

Kilichotuharibia mjadala ni kwamba hofu iliyotangulia haikuwa na msingi imara. Mnamo Novemba 2012 serikali ilipiga marufuku vyakula vya GMO, yaani vilivyobadilishwa jeni, kutoka nje, miezi miwili baada ya Gilles-Éric Séralini wa Ufaransa kuchapisha utafiti wa panya waliolishwa mahindi ya aina hiyo na kupata uvimbe. Panya wenyewe walikuwa wa ukoo unaopata uvimbe kirahisi wakizeeka, na kila kundi lilikuwa na panya kumi tu wa kila jinsia. Novemba 2013 jarida likaufuta utafiti huo, lakini marufuku yetu ikaendelea hadi Oktoba 2022, na ilipoondolewa kesi zikafuata. Miaka kumi ya kubishana kuhusu saratani ilitunyima nafasi ya kuuliza maswali yenye maana zaidi.

Swali mojawapo ni la lebo. Kanuni za mwaka 2012 zinataka chakula chenye zaidi ya asilimia 1 ya viambato vilivyobadilishwa kiandikwe hivyo, na kwa unga wa pakiti hilo lawezekana. Sasa nenda ufukweni Mama Ngina jioni, umwangalie muuzaji akigeuza muhogo juu ya makaa, akiupasua, akiupaka chumvi, pilipili na ndimu na kukukabidhi ndani ya kipande cha karatasi. Lebo itakaa wapi? Muhogo huo ulitoka Kilifi au Kwale, ukachanganywa na wa mashamba mengine sokoni, na hata muuzaji hajui ni mbegu gani. Haki ya mlaji kuchagua, ambayo wapinzani wanaitetea kwa haki, haina mlinzi katika chakula chetu cha barabarani, na sijaona upande wowote ukilishughulikia jambo hili kwa dhati.

Hoja ya kwamba kuchanganya jeni ni kinyume cha maumbile, kwa upande wake, haina nguvu Pwani. Kuanzia miaka ya 1930 watafiti wa Amani waliuchavusha muhogo kwa mti wa mpira wa asili ya Brazili, Manihot glaziovii, kisha wakaurudisha uzao wake kwa muhogo kizazi baada ya kizazi, na katika kazi hiyo ndimo ilimotoka Kaleso, mbegu inayostahimili michirizi na iliyokwisha kulimwa na kuliwa huku. Kaleso ilibeba jeni nyingi za mti wa porini ambazo hakuna aliyezihesabu.

Nayo hofu ya kampuni za kigeni kututia mkononi ina mahali pake, ila si hapa. Muhogo hupandwa kwa vijiti. Jirani akikupa fungu, umepata mbegu. Ukitaka kuona faida iliyofungiwa, tazama selimundu, maradhi ya damu ya kurithi yanayozikumba familia nyingi za Pwani kwa sababu jeni yake, kama Anthony Allison alivyoonyesha mwaka 1954, humkinga na malaria mtu aliyeirithi kwa mzazi mmoja. Tiba ya kuhariri jeni, Casgevy, iliidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata, kwa bei ya dola milioni 2.2 huko Marekani. Hiyo hatuipingi, wala hatuipati.

Kikwazo halisi cha 4046 ni upishi na ladha. Jeni hiyo imewekwa katika mbegu ya TME 204, yenye asili ya Afrika Magharibi. Kuihamishia Kibandameno kwa uchavushaji si jambo jepesi, maana muhogo ukichavushwa hautoi watoto wanaofanana na mzazi, na utamu na ulaini huchanganyika upya katika kila mbegu. Itabidi Kibandameno chenyewe kiingizwe maabara, au watu wakubali ladha nyingine. Wakati huohuo kituo cha KALRO cha Mtwapa kina mbegu za kawaida kama Tajirika na Shibe, na vijiti safi vikitolewa kwa wingi vingeweza kupunguza hasara bila ya kungoja mahakama. Mimi singeukataa 4046 kwa hofu ya afya. Mkulima wa Kilifi anayeukataa kwa sababu wateja wake wa Mombasa wanataka Kibandameno ana hoja nzito kuliko nyingi zilizopelekwa kortini.