Bandari ya Malindi: winchi zimekwenda, jicho limebaki?

Wengi wanaokaa Forodhani, Unguja, jioni na sahani ya mishikaki hawajiulizi jina la pahala pale limetoka wapi. Forodha ni pahala pa kutozea ushuru. Seyyid Said alipohamishia makao yake Unguja hakujisumbua kuajiri makarani wa kumkusanyia ushuru huo. Aliikodisha forodha nzima. Kwa miaka mingi ilikuwa mikononi mwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, na baadaye ikawa ya Taria Topan. Aliyeikodi alimlipa Sultani kiasi walichokubaliana kwa mwaka, akatoza asilimia 5 kwa bidhaa zinazoingia, na kilichozidi kikawa chake. Sultani alipata fedha bila ya kuhangaika. Lakini aliyejua meli gani imeingia, imebeba nini na ya nani, ni Jairam. Haikuchukua muda mrefu mwenye nchi akawa mdaiwa wa mtoza ushuru wake.

Nayakumbusha haya kwa sababu tangu Septemba 2023, kampuni ya Africa Global Logistics ilipoanza kuendesha shughuli za makontena na mizigo katika bandari ya Malindi hapa Unguja, barza zetu zimegawika pande mbili. Huku wanasema bandari imeuzwa. Kule wanasema bandari imeokolewa. Nimewasikiliza wote, kahawa mkononi, na naona wanagombania suala ambalo si zito kama wanavyodhani. Bandari ya Unguja kufanyiwa kazi na mtu wa nje si jambo geni. Hata gati hili la Malindi, lililojengwa na Waingereza katika miaka ya 1920, kazi yake ya kupakia na kushusha ilishikwa na kampuni, African Wharfage Company. Wachukuzi wa kampuni hiyo ndio walioanzisha mgomo wa mwaka 1948 wakidai mshahara unaolingana na bei za vitu mjini, na mgomo ule ukasambaa mpaka mji ukasimama. Serikali haikuwa mwajiri wao, lakini moto ulipowaka uliifikia serikali.

Baada ya Mapinduzi kazi na usimamizi vyote vikawa vya serikali. Shirika la Bandari Zanzibar tunalolijua leo liliundwa kwa Sheria namba 1 ya mwaka 1997. Likapewa Malindi, na Pemba likapewa Mkoani, Wete na Wesha. Lilikuwa mwenye nyumba, mwendeshaji na mkaguzi wa kazi yake mwenyewe. Gati likijengwa, ni lao. Winchi ikiharibika, ni yao. Meli ikichelewa, anayepokea malalamiko ni yule yule aliyechelewesha.

Na meli zilichelewa kweli. Nakumbuka mwaka mmoja, kabla ya mabadiliko haya, niliagiza mafriji mawili ya mitumba katika kontena la kuchangia. Tukawa tunakwenda ufukweni kuitazama meli imetia nanga kule mbele, imetulia kama picha ukutani. Wakala wetu, ambaye sitamtaja, kila tukimpigia alikuwa na neno moja: "Kesho inafunga gati." Kesho yake iliingia wiki ya tatu. Mzigo ulipotoka nilikuta gharama za kuhifadhi zimenisubiri, siku zimehesabiwa moja moja, na friji moja kati ya mawili limebonyea mlango. Mimi nilikuwa na mafriji tu. Muuza duka wa Darajani alikuwa na mchele wa mapembe na unga, na Ramadhani iko mlangoni. Ile gharama ya kusubiri hakuibeba yeye. Tuliibeba sisi, kilo kwa kilo.

Kwa hivyo anayesema bandari ilihitaji mkono mwengine ana haki, na hoja yake si ya kubeza. Malindi ni gati fupi lililobanwa. Nyuma yake kuna Mji Mkongwe, uliomo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, huwezi kuvunja nyumba ukapanga makontena. Mbele yake kuna maji yanayogombaniwa na meli za mizigo, boti za abiria na majahazi. Gati lilijengwa upya kwa fedha za Umoja wa Ulaya katika muongo wa kwanza wa karne hii, lakini zege jipya peke yake halishushi kontena. Linashushwa na mashine inayofanya kazi, dereva aliyefunzwa na uwanja usio na mrundikano. Shirika la umma linalosubiri bajeti kununua kipuri haliwezi kushindana na kampuni yenye vipuri ghalani. Hilo nalikubali bila ya kuuma maneno.

Hata hivyo upande wa pili nao haujaishiwa. Africa Global Logistics ndiyo iliyokuwa Bolloré Africa Logistics, na tangu mwisho wa 2022 mmiliki wake ni MSC, kampuni kubwa ya meli za makontena. Maana yake ni kwamba anayepanga zamu za gati ana jamaa zake miongoni mwa wanaosubiri zamu. Sisemi anapendelea. Nasema pawepo mtu wa tatu mwenye daftari lake mwenyewe, asiyelazimika kumuuliza mwendeshaji kama mwendeshaji anatenda haki. Mtu huyo kwa sheria ni Shirika la Bandari. Je, limebaki na watu wanaoweza kusoma takwimu za kontena zaidi ya mwendeshaji mwenyewe, au waliojua kazi wamehamia kwa mwendeshaji? Hapa ndipo Jairam anaponijia.

Muda wa mkataba nao una sura mbili. Ni miaka 5. Wenzetu wa Dar es Salaam waliposaini na DP World, kampuni ya bandari ya Dubai, Oktoba 2023, ilikuwa miaka 30, na kabla yake palikuwa na zogo la miezi bungeni, mahakamani na mitandaoni. Miaka 5 inampa mwenye nyumba nafasi ya kumtoa mpangaji asiye na adabu. Lakini nani ataweka mashine ya kudumu miaka 20 katika nyumba aliyopangishwa kwa 5? Mkataba mfupi unalinda nchi dhidi ya mgeni mbaya, na papo hapo unamzuia mgeni mzuri asitie fedha nyingi. Binafsi naupendelea ufupi, maana bandari kubwa ya mizigo imekusudiwa kuhamia Mangapwani. Ingawa Mpigaduri, ilikopangwa bandari mpya kabla ya hapo, nayo tuliiimba miaka, na kwa miaka hiyo ikabaki wimbo.

Katika zogo lile la 2023 baadhi ya ndugu zetu wa Bara waliuliza: mbona bandari za Zanzibar hazimo katika makubaliano na Dubai? Suali hilo lilipokewa huku kwa hasira, na sidhani lilistahili hasira. Katika orodha ya mambo ya Muungano, bandari imo, tangu 1964. Katika utendaji, Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania inashika za Bara, na Shirika letu linashika zetu. Karatasi inasema hivi, gati linasema vile. Mpangilio huu umetufaa: Zanzibar bila ya bandari yake ni kisiwa kinachoomba ruhusa ya kula. Lakini umetufaa kwa mazoea zaidi kuliko kwa maandishi, na mfanyabiashara aliyewahi kutozwa tofauti ya ushuru akivusha mzigo wake kwenda Dar es Salaam anajua mazoea yanaishia wapi.

Nimeiacha Pemba mwisho, kama inavyoachwa siku zote. Karafuu nyingi zinatoka Pemba. Mzigo wa nje, kwa miaka mingi, ulishuka kwanza Malindi halafu ukapandishwa tena kwenda Mkoani au Wete, kila hatua na gharama yake na bega la mchukuzi wake. Na Wapemba wanaidai bandari deni jengine, lisilohusu bei. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilizama baada ya kuondoka Malindi kwenda Pemba, imejaza watu kupita kiasi ilichoruhusiwa. Mwaka uliofuata ikazama MV Skagit. Siku zile hakuna aliyeuliza winchi ni ya nani. Watu waliuliza nani alisimama getini akahesabu vichwa, na kwa nini aliachia.

Ndiyo maana mimi sihesabu ushindi wala hasara kwa jina la kampuni lililoandikwa kwenye winchi. Mkataba wa Malindi unafika ukingoni 2028. Kabla ya hapo ningeliomba Shirika kitu kimoja tu: karatasi moja kila mwezi yenye jina la meli, siku iliyotia nanga, siku iliyofunga gati na siku iliyoondoka. Iandikwe na watu wa Shirika, si mwendeshaji, na ibandikwe pale getini Malindi, chini kidogo, ili na mchukuzi anayepumzika juu ya rukwama yake aweze kuisoma.