Elektroni haijui kwamba unaitazama

Juzi mdogo wangu wa kidato cha nne alinisikilizisha ujumbe wa sauti uliokuwa ukizunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Msemaji anadai wanasayansi wamethibitisha kwamba chembe hubadili tabia zikitazamwa, hivyo ukiwaza mafanikio kwa nguvu, ulimwengu utakutii. "Kaka," akaniuliza, "kwa hiyo elektroni ina akili?"

Aliuliza kwa dhati kabisa, na hilo ndilo lililoniuma. Nikang'oa unywele mmoja kichwani, nikaubandika kwa selotepu mbele ya kalamu ya leza nyekundu, tukazima taa. Ukutani, mita mbili mbele yetu, pakatokea mstari mrefu wa madoa mekundu yanayopokezana na giza, sentimita mbili hivi kutoka doa hadi doa. Mwanga uliopita kushoto kwa unywele ulikuwa umekutana na uliopita kulia. Pale kilele cha wimbi kilipoangukia kilele, pakang'aa. Kilipoangukia bonde, pakazimika. Tukapiga hesabu kwa umbali wa madoa yale, tukapata unene wa unywele wangu: karibu milimita 0.07.

Mwanasayansi Thomas Young alifanya jambo la namna hii Uingereza mwaka 1803, kwa kipande chembamba cha kadi alichokisimamisha katika mwale wa jua. Ndani ya kivuli cha kadi aliona milia ya mwanga na giza. Kisha akaziba mwanga wa upande mmoja tu, na milia yote ya ndani ya kivuli ikatoweka, ingawa mwanga wa upande wa pili uliendelea kupita kama kawaida.

Mwaka 1909 mwanafizikia Mwingereza G. I. Taylor akarudia kwa sindano na taa iliyofifizwa mno, hata picha moja ikachukua miezi mitatu hivi kukamilika. Milia ilikuwa ile ile.

Lakini jaribio ambalo ningependa kila mwanafunzi wetu alione ni la mwanafizikia Akira Tonomura na wenzake wa kampuni ya Hitachi, Japani, mwaka 1989. Safari hii penye unywele pana waya mwembamba sana, na kinachopita pembeni yake ni elektroni. Zilipita chini ya 1,000 kwa sekunde, zikikimbia kasi ambayo, moja inapofika, inayofuata iko zaidi ya kilomita 100 nyuma, wakati chombo chenyewe kina urefu wa mita moja na nusu hivi. Hakuna ya kugongana nayo humo ndani. Mwanzoni unaona nukta chache zilizotupwa ovyo, kama matone ya kwanza ya mvua kwenye vumbi. Zikifika mia kadhaa, bado huoni mpangilio. Zikifika maelfu, milia inaanza kujichora. Kila elektroni ilitua kama nukta moja kamili, na bado nukta zote kwa pamoja zinalitii wimbi lililopita pande zote mbili za waya.

Ndiyo maana siridhiki na usemi wa madarasani kwamba elektroni ni "mara wimbi, mara chembe". Katika picha ile yote mawili yapo. Mwanafizikia wa Denmark Niels Bohr, alipoeleza wazo lake la kukamilishana kule Como, Italia, Septemba 1927, alikuwa na hoja pana zaidi: chombo kinachokuonyesha njia iliyopitwa hakiwezi papo hapo kukupa milia iliyo wazi. Na mambo haya hupungua na kuongezeka kidogo kidogo. Ukiijua njia kwa sehemu, milia hufifia kwa sehemu.

Kinachoifuta milia ni unyayo. Mwaka 2004, Vienna, watafiti walirusha molekuli za atomu 70 za kaboni, wakazipasha moto kwa leza kabla hazijaingia kwenye mianya myembamba inayozifanya zichore milia. Kadiri zilivyopata joto, ndivyo zilivyozidi kutoa mwanga zenyewe njiani, na mwanga huo ukabeba habari za mahali zilipopita. Milia ikafifia hadi ikapotea. Hakuna mtu aliyeukusanya mwanga ule wala kuusoma. Ilitosha kwamba njia ilikuwa imeacha alama mahali fulani.

Kwa hiyo naomba walimu na wanaoandika sayansi kwa Kiswahili tuachane na neno "mtazamaji" hapa. Linawapa watu jicho na nia pasipokuwa na jicho wala nia, na wenye kuuza matumaini wanalidaka hapo hapo. Tuseme njia imeacha alama, au haikuacha. Mtoto wa kidato cha nne anaelewa.

Mdogo wangu alielewa. Alikata kipande cha boksi, akakisogeza taratibu kutoka pembeni mpaka ukingo wake ukagusa unywele. Madoa yakafutika, ukabaki mfifio mwekundu usio na kitu ndani. Akakivuta nyuma, madoa yakarudi. Muda wote huo macho yetu yalikuwa pale pale ukutani.

"Hatujaacha kuangalia hata mara moja," akasema, akakisogeza tena.